Bi Hodi na Dirisha Lisilofunguka

Bi Hodi hakuwahi kuingia chumbani mwake bila kupiga hodi. Hata alipokuwa akiishi peke yake, chumba amekifunga mwenyewe asubuhi na ufunguo umelala mfukoni siku nzima, akirudi kazini alitua kapu mlangoni, akasema "Hodi" kwa sauti ya mgeni mwenye adabu, akangoja kidogo, ndipo akafungua. Watoto wa majirani walimcheka, wakampa jina hilo, na jina likamganda hadi kazini. Hotelini alikopiga pasi mashuka, hata mpishi mkuu alimwita Bi Hodi, asijue lingine.

Binti wa dada yake alipokuja kukaa naye ili asome chuo cha ualimu, alimuuliza siku ya kwanza tu.

"Mama mdogo, unampigia nani hodi?"

"Mwenye nyumba."

"Yumo ndani?"

"Sijui. Ndiyo maana napiga."

Alisema akicheka, lakini macho hayakucheka. Polepole binti akaipata habari yote. Katika chumba cha kwanza alichopanga ujanani, mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wa pili. Akirudi kazini alikuta kikombe kimegeuzwa, mto una kishimo cha kichwa, kiti kina joto. Siku moja akamkuta mtu mwenyewe amekaa kitandani, ametulia kama yuko kwao, akamwambia, "Nimekuja kuangalia kama bati linavuja." Tangu hapo akawa anapiga hodi. "Nampa nafasi ya kuondoka," alisema. "Sitaki kuwa mgeni wa kushtukiza kwenye kitanda changu mwenyewe."

Kazi yake nayo ilimfundisha. Hotelini, mtu wa usafi hugonga mlango, hungoja, hugonga tena. Mgeni wa usiku mmoja hupewa mlango unaofungwa kwa ndani, maji yanayotoka, taa inayowaka, dirisha la kuvutia hewa, na bado huombwa radhi kwa mto mgumu. "Sasa mpangaji anayekaa mpaka nywele zinageuka rangi," alikuwa akisema huku akikunja shuka, "yeye kakosa nini?"

Kwa hiyo kila alipotafuta chumba, alikikagua kama daktari. Alifungua bomba akaacha maji yatiririke mpaka yawe meupe. Alibandika kiganja ukutani, pale kitanda kitakapokaa, akasikiliza unyevu. Aliinua uso kutafuta michoro ya mvua kwenye dari. Aliingia chooni, akajifungia, akatoka. Alifunga mlango wa chumba akiwa ndani, akausukuma kwa bega kuona kama komeo lina nguvu. Mwisho kabisa alifungua dirisha, akatoa kichwa nje. Kichwa kisipopita, alisema, na hewa haipiti.

Wenye nyumba walimchoka. Mmoja alimuuliza, "Wewe bibi, unapanga au unanunua?"

"Napanga. Ningekuwa nanunua ningevumilia, maana kasoro ingekuwa yangu."

Safari hii dirisha lilikuwa ndilo jambo kubwa. Binti alikuwa na pumu. Nesi wa zahanati alikuwa amewaambia waziwazi kwamba mtoto huyu asilale penye hewa iliyofungiwa. Wakipuuza, ipo siku kifua kitabana kisifunguke. Na paa la chumba chao lilikuwa limevuja mpaka godoro likaota ukungu. Wakatoka kutafuta pengine, katika wiki ya mvua, wakizunguka mtaa baada ya mtaa, binti akihema kama aliyebeba mzigo.

Ndipo walipofika kwenye ile nyumba ndefu yenye vyumba mstari mmoja. Mwenye nyumba alikuwa mtu mpole, sauti ya chini, mikono ameifumbata kifuani. Chumba cha mwisho kilikuwa kimefagiwa. Ukuta mkavu. Maji yalitoka. Komeo la mlango lilikuwa jipya, linang'aa. Na dirisha lilikuwa kubwa, la mbao zilizopakwa rangi ya kijani, zuri kuliko madirisha yote waliyokuwa wameyaona.

Bi Hodi alilisukuma. Halikusogea.

"Limegandana na rangi, mama," alisema mwenye nyumba. "Kesho namleta fundi."

Hapo ndipo mwanamke yule, ambaye hakuwahi kukubali chumba kabla kichwa chake hakijapita dirishani, alipokosea. Alimtazama binti aliyeegemea mlango, midomo imebadilika rangi kwa uchovu. Akaitazama mvua. Akasema, "Ahadi ni deni, kaka," wakahamia.

*

Kitu cha kwanza binti alichokiona katika nyumba ile ni kwamba hakuna aliyepiga hodi.

Watu walikohoa. Walipiga mluzi. Kinyozi, jirani yao wa chumba cha pili, kila akija kuomba kiberiti aligonga sufuria kwa kijiko huku anatembea, kama mtu anayefukuza ndege shambani. Wageni waliokuja kutembelea wapangaji walipokelewa uani haraka haraka, kabla hawajafungua mdomo. Binti aliona ni ukosefu wa adabu tu wa watu wa mjini, akanyamaza.

Jioni ya siku ile walipohamia, Bi Hodi alirudi kazini, akatua kapu.

"Hodi."

"Karibu," ikajibu sauti kutoka ndani.

Akatabasamu, akajua ni binti. Akatoa ufunguo, na alipokuwa anautia tunduni akasikia ndoo ikitua nyuma yake. Binti alikuwa amesimama pale, ametoka bombani, maji yakimtiririka mkononi. Walitazamana. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

Bi Hodi aliufungua. Chumbani kulikuwa na kitanda, meza, mabegi yao na lile dirisha la kijani. Basi.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Haya," alisema Bi Hodi. "Angalau ana adabu."

Asubuhi kinyozi aliwakuta uani wakifua. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na aliyasema huku akinoa wembe, hivyo ilikuwa vigumu kujua kama anatania.

"Dada, jana nimekusikia ukipiga hodi. Hapa hatupigi."

"Kwa nini?"

"Wewe ukipiga hodi ukajibiwa na asiyekuwepo, utaingia?"

"Mbona niliingia?"

Kinyozi aliacha kunoa. "Basi wewe ndiye jini, si yule." Akacheka, kisha akapunguza sauti. "Waliokaa humo kabla yenu, wengine hawakumaliza mwezi. Mwenye nyumba mwenyewe tunamwita Bwana Kesho. Muulize dirisha, kesho. Muulize hiyo sauti, kesho. Kazi anayoifanya leo ni moja tu, kumlisha mbwa wake kule stoo. Kila siku na sahani imefunikwa. Na mbwa naye ni wa ajabu, hajawahi kubweka hata mara moja."

Kesho ikafika, fundi hakuja. Ikafuata kesho nyingine.

Siku ambazo hakukuwa na masomo ya mchana, binti alisoma chumbani peke yake, na ndipo alipolijua lile dirisha. Lilikuwa na pumzi. Kwenye ufa wa chini, pale mbao mbili zilipokutana, palitoka hewa nyembamba yenye harufu ya sabuni ya kuogea na ya nguo zilizokaa sana sandukuni. Wakati mwingine palisikika kitu kikikwaruza taratibu, kikiacha, kikikwaruza tena, kama mtu anayesugua meza ambayo imeshatakata. Mara moja alisikia mtu akivuta kiti. Alijiambia ni panya. Lakini panya havuti kiti kwa uangalifu namna ile, miguu yote minne, asimkere mtu.

Mchana mmoja wa joto, bati likilia kwa jua, mwanafunzi mwenzake alikuja kumfuata, na kwa kutojua akasema mlangoni, "Hodi!"

"Karibu mwanangu," ikasema sauti, karibu mno na kichwa cha binti. "Mlango uko wazi."

Kifua kikafunga. Binti alitaka kusimama asiweze. Alitaka kuvuta hewa, chumba hakikuwa nayo. Mwenzake alimkuta sakafuni amekumbatia mguu wa meza. Kinyozi ndiye aliyembeba hadi uani, akampepea kwa lile shuka jeupe la kazini kwake, nywele za wateja zikiruka huku na huku, akimwambia, "Vuta, mdogo wangu, vuta, usinifie mikononi wakasema nimekunyoa vibaya."

Bi Hodi alipopata habari hakulia wala hakupiga kelele. Alivua aproni ya kazini, akaikunja pembe kwa pembe, akaenda kwa Bwana Kesho. Binti, aliyekuwa bado amekaa uani na dawa mkononi, alisikia kila neno.

"Kaka, nataka dirisha langu."

"Kesho, mama."

"Leo karibu nizike mtoto wa dada yangu."

Mwenye nyumba alitazama chini. "Naweza kukuwekea taa kubwa zaidi. Naweza kupaka rangi upya."

"Hatuvuti rangi puani."

"Dirisha hatukulizungumza kwenye mapatano."

"Na sakafu tuliizungumza? Mbona iko? Kuna vitu mtu haombi. Hivyo ndivyo vinavyokifanya kiitwe chumba, bila hivyo ni kabati."

Sauti ya mwenye nyumba ilibadilika, ikawa ya mtu aliyebanwa kona. "Kama hamkitaki, hameni. Mpaka mwisho wa wiki. Lakini lile dirisha msiliguse. Nasema msiliguse, mama."

Bi Hodi alirudi akakaa kando ya binti. Mawingu yalikuwa yanajikusanya tena upande wa mabondeni. Kuhama katika hali ile, na kifua kile, kulikuwa ni kumtoa mtoto kwenye moto na kumtia majini. Kubaki nyuma ya dirisha lile ilikuwa kuungoja moto.

"Mama mdogo, huogopi?"

"Naogopa. Lakini nimeishi kwenye nyumba za watu tangu ujana wangu. Nimesimangwa, nimefukuzwa, nimechunguliwa. Sijawahi kukaribishwa. Huyo ndiye wa kwanza. Na anayesema karibu, mwanangu, ni mwenyeji. Nataka nimwone mwenyeji wangu."

*

Siku ya pili yake ilikuwa siku yake ya mapumziko. Asubuhi, jua likiwa limeshapanda, alivuta kiti hadi kwenye dirisha la kijani, akakaa, akaweka mikono mapajani. Binti alisimama mlangoni. Nyuma yake alikuwapo kinyozi na nyundo mkononi. Alisema ameileta kwa ajili ya kazi nyingine.

"Hodi," alisema Bi Hodi kwenye mbao.

Kile kiti kikavutwa, upande wa pili, polepole.

"Karibu mwanangu. Mlango uko wazi."

"Mlango upi, mama?"

"Huo huo."

"Mimi siuoni."

Sauti iliyojibu ilikuwa ndogo, kama ya mtoto anayekiri kupoteza kitu.

"Hata mimi siuoni."

Kinyozi alisema jina la Mungu. Bi Hodi yeye alikuwa ameshainuka, ameshika kisu cha mkate, anakata rangi kwenye maungio ya dirisha, juu hadi chini, kwa mkono usiotetemeka, mkono uliozoea kufuata pindo la shuka. Mbao zikalia, zikafunguka. Nyuma yake palikuwa na mbao nyingine, mpya zaidi, zimepigiliwa misumari kutoka upande wa pili.

"Lete nyundo," alisema.

"Dada, tukikuta kitu kisichokuwa cha—"

"Lete nyundo, au nipe wembe."

Ubao wa kwanza ulipong'oka, hewa iliingia chumbani kama mtu aliyekuwa akingoja mlangoni. Ubao wa tatu ulipoanguka wakaona.

Zamani ilikuwa veranda. Sasa ilikuwa imezibwa kwa ukuta wa matofali uliopanda karibu na bati, ukaacha mwanga mwembamba tu kwa juu, kama mstari wa chaki. Palikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri. Ndoo yenye mfuniko. Meza ndogo iliyosuguliwa mpaka ubao ukawa mweupe. Viti viwili. Katika kimoja alikaa mwanamke mzee sana, kitambaa cheupe kichwani kimefungwa kwa unadhifu, uso ameuelekeza dirishani, mikono mapajani, sawasawa kama Bi Hodi alivyokuwa amekaa upande wa huku. Kiti cha pili kilikuwa kitupu na kilikuwa kimefutwa vumbi.

"Mmekawia," alisema bibi yule. "Chai imepoa."

Alinyoosha kidole mezani. Palikuwa na vikombe viwili, vyote vikavu.

Mwishoni mwa ile veranda, mlango mdogo wa stoo ulifunguka, akaingia Bwana Kesho na sahani iliyofunikwa. Akasimama. Aliwatazama kupitia dirisha lake mwenyewe, wao nao wakamtazama.

"Huyu ndiye mbwa?" kinyozi aliuliza, na hapakuwa na utani katika sauti yake.

"Ni mama yangu." Bwana Kesho aliisogeza sahani kifuani. "Alikuwa akipotea. Anatoka, harudi. Mara ya mwisho nilimkuta katikati ya barabara, magari yanampigia honi, anayaambia karibuni. Ningefanya nini? Ndugu zangu wako mbali. Chakula anapata. Kitanda anacho. Maji ninamletea. Sikumnyima kitu."

"Nyumba hii ni ya nani?" aliuliza Bi Hodi.

"Ya kwake. Aliijenga yeye. Hicho chumba chenu kilikuwa chake."

"Kwa hiyo wewe ndiye mpangaji, na yeye ndiye mwenye nyumba, na umempa mwenye nyumba wako ukuta." Hakupandisha sauti. "Hebu niambie, kaka. Unapomletea hiyo sahani, unapiga hodi?"

Mwanamume yule mtu mzima aliiweka sahani chini, akaufunika uso kwa viganja. Mama yake akageuka, akamwona, akamwonyesha kile kiti kilichofutwa.

"Kaa, baba," alimwambia. "Usisimame mlangoni kama huna kwenu."

*

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Bwana Kesho alisema leo. Fundi mwashi alikuja mchana ule ule akaanza kuyashusha matofali, na kinyozi akafunga duka ili amsaidie kuyabeba. Ukuta ulipokwisha, veranda ilitazama ua, dirisha la kijani likatazama veranda, na hewa ikapita chumbani kutoka upande mmoja hadi wa pili. Binti alilala usiku ule bila kuhesabu pumzi. Hawakuhama.

Bibi alikaa verandani kila siku, kiti chake kando ya dirisha lao. Hakukumbuka alichokula asubuhi, lakini hodi hakuwahi kuiacha bila jibu, na wapangaji, waliokuwa wameisahau, wakaanza kuirudia mmoja mmoja, wengine wakitoka mbali kwa makusudi ili tu wakaribishwe. Walimwangalia kwa zamu bila kupangiana. Mara moja alitoka akapotea; kinyozi alimkuta mtaa wa pili, akamrudisha amemshika mkono kama bwana harusi, akijisifu njia nzima kwamba amepata mchumba mwenye nyumba yake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alipenda kusema kinyozi kila aliposimulia habari ile kwa wateja wake. Bi Hodi hakupenda kuisimulia. Bibi alipofariki, na matanga yakaisha, binti alimwona mama yake mdogo akirudi kazini, akatua kapu, akapiga hodi, na akangoja mlangoni zaidi ya kawaida yake. Alipoingia, binti hakumuuliza kama alijibiwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejibiwa.

Miaka ilikwenda. Binti akawa mwalimu, akapata nyumba, akamchukua Bi Hodi wakae pamoja. Alimpa chumba chenye dirisha kubwa la upande wa bustani, na siku ya kwanza mama mdogo alikikagua kama kawaida, maji, ukuta, dari, komeo, akatoa kichwa nje, akasema, "Kinapangika." Walicheka mpaka machozi.

Kisha usahaulifu ukaingia, kwa mlango wa nyuma. Aliweka pasi ya moto kitandani, akasema hotelini wanangoja mashuka. Alitoka asubuhi akapatikana jioni. Majirani, watu wema kabisa, wakamshauri mwalimu anunue kufuli, amfungie kwa nje akienda kazini. Ni kwa faida yake, walisema. Chakula utamwachia, kitanda anacho.

Mwalimu alinunua kufuli. Wiki nzima alitembea nayo mkobani, nzito kama jiwe, akaenda nayo darasani, akarudi nayo. Siku alipoitoa mkobani pale mlangoni, akaona komeo la mlango ule, na ghafla akasikia harufu ya sabuni na ya nguo za sandukuni. Alisimama pale mpaka harufu ikaondoka. Halafu akampelekea kufuli jirani mwenye duka, na akamwomba binti wa jirani awe anakuja kushinda na mama mdogo saa za kazi, wakae dirishani wapige soga.

Bi Hodi alifariki katika usingizi, msimu wa mvua, dirisha likiwa wazi kidogo kama alivyopenda. Jioni iliyotangulia mwalimu alikuwa amerudi shuleni amelowa. Yule binti wa jirani alikuwa ameshakwenda kwao. Nyumba ilikuwa kimya, kimya ambacho kilimfanya asimame nje ya chumba cha mama yake mdogo asithubutu kushika kitasa. Kupitia upenyo wa mlango aliviona viti viwili. Kimoja kilikuwa kimefutwa vumbi.

"Hodi," alisema.

Kiti kikavutwa taratibu, kwa uangalifu, asimkere mtu.

"Karibu mwanangu," alisema Bi Hodi. "Mlango uko wazi."